Chembe za Udongo na Safari ya Maji Shambani

Kijitabu cha elimu kwa wakulima wa Naliendele, nyanda za juu za Makonde na bonde la Ruvuma

Mvua moja, mashamba mawili

Mvua kubwa ya Januari ikinyesha Naliendele saa nane mchana, ikifika saa kumi na moja unaweza kuingia shambani na kandambili ukatoka bila tope. Mvua hiyohiyo ikiipiga Kitaya au Mahurunga, kule chini kwenye bonde la Ruvuma, pikipiki hazipiti na maji yanasimama kwenye majaruba kwa siku kadhaa. Mawingu ni yaleyale na wanaolima ni ndugu wa damu. Kinachowatenga ni ukubwa wa chembe za madini zilizounda udongo wa kila upande.

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu ushauri wa kilimo husafiri haraka kuliko udongo. Mtu anasikia redioni kwamba fulani wa mkoa mwingine amefanikiwa kwa kulima kwa kina, au kwa kuweka mbolea yote siku ya kupanda, naye anajaribu kwake na kuambulia patupu. Mara nyingi ushauri wenyewe si wa uongo, ila ulitolewa kwa udongo mwingine. Ukubwa wa chembe huwezi kuubadilisha, lakini unaweza kuujua, na ukishaujua utafahamu ushauri upi unakuhusu.

Chembe zenyewe

Ukitoa mawe, mizizi na uozo, udongo unaobaki ni mchanganyiko wa chembe za madini za saizi tatu. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 kushuka hadi milimita 0.05, hizi unaziona kwa macho na kuzisikia zikikwaruza ukizisugua vidoleni. Silti ni chembe za kati, milimita 0.05 hadi 0.002, huwezi kuziona mojamoja, lakini udongo wake ukikauka unaacha vumbi laini kiganjani. Mfinyanzi ni chembe zilizo chini ya milimita 0.002. Ukichukua punje ya mchanga yenye upana wa milimita 1 na kuipasua vipande vya upana wa elfu moja ya milimita, utapata vipande bilioni moja, na jumla ya nyuso zake zote itakuwa imeongezeka mara elfu moja.

Hizo nyuso ndizo zenye habari yote. Maji hayakai ndani ya punje. Yanakaa juu ya nyuso za punje na katika matundu yaliyo kati yake. Virutubisho vya mimea navyo hunata kwenye nyuso hizohizo. Udongo wenye nyuso chache, kama kichanga cha pwani yetu, hauna mahali pa kushikia vitu. Udongo wenye nyuso nyingi hushika vingi, na wakati mwingine hukataa kuviachia.

Udongo tifutifu, ule ambao kila kitabu cha shule huusifu, ni mchanganyiko ambao hakuna saizi inayozidi sana nyingine. Mtwara tunao kwa uchache, hasa kandokando ya mito. Wakulima wengi wa huku wanalima kichanga, au kichanga chenye mfinyanzi mwekundu kidogo.

Pima mwenyewe kwa chupa

Tafuta chupa angavu ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, uikate shingo. Chimba udongo wa shamba lako hadi kina cha koleo moja, uuanike, uupondeponde, utoe mawe na mizizi. Jaza theluthi moja ya chupa. Ongeza maji hadi karibu ijae, tia kijiko kimoja cha sabuni ya unga ili chembe ziachane, kisha funika kwa kiganja na utikise kwa dakika tano bila uvivu. Weka chupa mahali pasipotikiswa, uwe na saa na kalamu ya wino mzito.

Ndani ya dakika moja mchanga wote utakuwa umetua. Weka alama usawa wake. Baada ya saa mbili silti nayo itakuwa imetua juu ya mchanga. Weka alama ya pili. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi, na maji yanaweza kubaki na rangi hata kesho yake, maana chembe zake ni ndogo kiasi kwamba huendelea kuelea majini. Maji yakishatakata, pima urefu wa kila tabaka kwa rula na ugawanye kwa urefu wote.

Udongo wa mashamba mengi ya mikorosho ya Naliendele hutoa picha inayotambulika mara moja: mchanga unakaribia kujaza nafasi yote, silti ni mstari mwembamba, na juu kabisa kuna utando wa mfinyanzi wenye wekundu wa kutu. Chota udongo wa jaruba la bondeni ufanye vivyo hivyo. Mchanga hapo ni wa kutafuta, na maji ya juu yanaweza kubaki na rangi ya chai hadi kesho kutwa.

Kama huna chupa, tumia mkono. Lowanisha udongo kidogo, ufinyange uwe mpira, kisha ujaribu kuusukuma kwa dole gumba utoke kama utepe. Kichanga hakikubali hata kuwa mpira. Utepe unaokatika kabla ya sentimita mbili na nusu ni wa tifutifu. Ukifika sentimita tano bila kukatika, hapo umeshika mfinyanzi.

Kwa nini kichanga hunywa na mfinyanzi hugoma

Jambo hili huwachanganya hata wanafunzi wa kilimo. Ukipima jumla ya matundu, mfinyanzi ndio wenye nafasi nyingi: nusu ya ujazo wake inaweza kuwa tupu, wakati kwenye mchanga nafasi ni kama theluthi moja na ushee. Basi mbona maji yanapita haraka penye nafasi ndogo?

Jibu liko kwenye upana wa kila tundu. Maji yanapopita kwenye njia nyembamba hukwama kwenye kuta zake, na ukipunguza upana wa njia kwa nusu, maji yanayopita hayapungui kwa nusu, yanapungua mara kumi na sita. Matundu ya kichanga ni machache lakini mapana. Ya mfinyanzi ni mengi kupita hesabu, na kila moja ni dogo kiasi cha kuyashika maji badala ya kuyapitisha.

Kwa makadirio ambayo wataalamu wa umwagiliaji hutumia duniani kote, kichanga kilichokwisha kulowa hupokea zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Tifutifu hupokea milimita 10 hadi 20. Mfinyanzi hupokea milimita 1 hadi 5 tu. Kumbuka kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwa saa moja, shamba la kichanga litainywa karibu yote. Shamba la mfinyanzi litachukua sehemu ndogo, na zaidi ya lita 30 katika kila mita ya mraba zitatafuta pa kukimbilia. Zikikuta mteremko zinaondoka na udongo. Zikikuta tambarare zinatuama.

Unaweza kulishuhudia hili kwa kopo tupu la rangi lililokatwa pande zote mbili. Lipigilie ardhini sentimita tano, mwaga maji ya kulowanisha kwanza, yakishazama mwaga mengine hadi yafike kina cha sentimita tano, na uhesabu muda. Namba utakayopata itakuwa kubwa kuliko uhalisia, kwa kuwa maji ya kopo hutoroka pia kwa pembeni, ila inatosha kulinganisha shamba na shamba, au chini ya mkorosho na kwenye njia ya baiskeli. Hiyo ya njia ya baiskeli usiiache. Inafundisha kuliko zote.

Hesabu ya jua la Februari

Kwa hiyo mwenye kichanga hana haja ya kuhangaika namna ya kuingiza maji. Shida yake ni kuyafanya yakae.

Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Naliendele hupata kwa wastani kama milimita 950 kwa mwaka, kiasi ambacho wakulima wa Dodoma wangekitamani. Lakini mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua hukatika mara kwa mara kwa wiki moja hadi mbili, na ni wakati huohuo mahindi yanatoa mbelewele.

Tupige hesabu. Udongo wa kichanga hubakiza takribani milimita 60 za maji yanayoweza kutumiwa na mmea katika kila mita moja ya kina. Tifutifu hubakiza kama milimita 140, mfinyanzi kama milimita 200. Mizizi ya mahindi tuseme imeshuka sentimita 60: kwenye kichanga ina akiba ya milimita 36. Jua la Februari likichota milimita 5 kwa siku, akiba hiyo ni ya siku saba. Siku ya nane majani yanajikunja. Jirani mwenye tifutifu ana akiba ya siku kumi na sita, na anaweza hata asitambue kwamba mvua ilikatika.

Sasa weka mkorosho mahali pa mahindi. Mizizi ya mkorosho uliokomaa hushuka mita kadhaa, na kichanga chetu ni kirefu, hakina mwamba karibu. Tukichukua mita tano, akiba inakuwa milimita 300. Kwa akiba hiyo mkorosho huchanua na kuzaa katikati ya kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka. Maji ambayo mahindi yaliyaona yamepotea yalikuwa yanaushukia mkorosho. Tunaposema mkorosho unapenda kichanga, maana yake ni hiyo, na ndiyo maana pia mkorosho uliopandwa penye tabaka gumu kwenye kina cha nusu mita hudumaa, hata kama udongo wa juu una rutuba kuliko wa jirani.

Mbaazi na mihogo hufuata njia ya mkorosho kwa kiasi chake, kwa kuwa mizizi yake hushuka. Mahindi, kwa maoni yetu, kwenye kichanga kitupu cha pwani ni kucheza bahati nasibu. Anayeyataka lazima ayawahishe au ayapande mabondeni, na mtama usidharauliwe.

Newala, ambako maji hupotelea chini

Tabia ya kichanga ukitaka kuiona kwa ukubwa, panda Newala. Nyanda za juu za Makonde zinapata mvua nzuri, lakini huko juu hutakuta mto. Mvua huzama kwenye mchanga mzito wa nyanda hizo, ikashuka hadi ikutane na matabaka yenye chembe ndogo yanayoizuia, ndipo ikatokeza chemchemi chini ya miteremko. Mgeni anayesimama Shimo la Mungu akitazama bonde la Ruvuma huwa amesimama juu ya maji ambayo hawezi kuyachota.

Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akiandika juu ya maisha ya watu wa kusini, alieleza jinsi maji yalivyochotwa chini ya mteremko na kupandishwa kwa kichwa. Wanawake wa nyanda hizo hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Tangu miaka ya 1950 serikali imekuwa ikisukuma maji kwa pampu kutoka bondeni, na chanzo cha Mitema karibu na Kitangari bado kinategemewa. Gharama ya umeme wa pampu hizo ni gharama ya chembe za mchanga, ukitazama vizuri.

Ila mtu asidhani kwamba kichanga hakimomonyoki kwa sababu kinanyonya. Kingo za Newala zina makorongo ya kutisha. Penye paa za bati, barabara iliyokanyagwa na uwanja wa shule, maji hayapati pa kuingia, yanajikusanya, na yakishapata kasi kwenye mteremko mchanga hauna gundi ya kuyazuia. Makorongo mengi ya kichanga yanaanzia kwenye njia ya miguu.

Kongwa na Nachingwea

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo baadaye iling'olewa, ni watoto wa mpango huo. Januari 1951 ulifutwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia ukame hadi matrekta mabovu ya vita. Moja ilikuwa chini ya miguu ya wahusika muda wote. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi wa kutosha kukauka ukawa mgumu wakati wa kiangazi, na ndani yake mlikuwa na punje kali za mchanga zilizokula majembe ya matrekta. Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama, kikachoma udongo na kuzaa chini. Udongo uliokauka hivyo kikonyo hakiupenyi, na karanga zilizokwisha kuzaa haziwezi kung'olewa. Zinabaki ardhini na anayevuna anavuta majani matupu.

Mkulima wa Masasi au Nanyumbu anayepanda karanga aina ya Pendo, iliyotolewa na kituo cha Naliendele mwaka 1998, hajui taabu hiyo, kwa sababu kichanga chake hakishikani. Anang'oa kwa mkono. Ila anapaswa kuwahi kung'oa kabla mvua za mwisho hazijazichipusha.

Namna chembe zinavyoshikana

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba chembe zinakaa mojamoja. Kwenye udongo wenye afya haziko hivyo. Mfinyanzi na mboji ni gundi. Mizizi midogo na nyuzi za kuvu ni kamba. Mchwa na nyungunyungu ni wachimba njia. Kwa pamoja hujenga mabonge madogo ya udongo, na kati ya bonge na bonge kunabaki matundu mapana. Ndiyo maana mfinyanzi wa msituni hunywa maji vizuri, na mfinyanzi uleule ukilimwa miaka kumi bila kurudishiwa mabaki ya mazao hugoma. Chembe ni zilezile, nyumba iliyojengwa ndiyo imebomoka.

Kichanga chetu kina gundi kidogo ya kuzaliwa, kwa hiyo karibu yote inatoka kwenye mboji, na mboji kwenye joto la pwani haidumu. Samadi nyingi ya mara moja huoza na kwisha ndani ya misimu michache. Bora debe mojamoja kila mwaka kuliko lori zima kila baada ya miaka mitano.

Moto ni jambo tunalolisema kila mwaka. Wengi hufagia majani ya mikorosho na kuyachoma ili korosho zinazoanguka zionekane. Tunaelewa sababu yake. Lakini majani yakiungua juu ya kichanga, nta iliyomo ndani yake huvukizwa na kuganda kwenye punje za mchanga, na mchanga huo hukataa maji: mvua za kwanza unaona tone limekaa juu, linabiringika, halizami. Fagia majani, lakini yarundike kwa duara kwenye ukingo wa kivuli cha mti, mbali kidogo na shina. Yatahifadhi unyevu huko huko iliko mizizi ya kunywea.

Kuna wanaoamini kwamba kichanga hakiwezi kugandamana. Fundi ujenzi anajua zaidi: zege imara haitoki kwenye kokoto tupu, inahitaji mchanga wa kujaza nafasi za kokoto na saruji ya kujaza nafasi za mchanga. Kichanga chenye punje kubwa, punje ndogo na silti kidogo hupangika vivyo hivyo kikikanyagwa na tairi za trekta kikiwa na unyevu. Chini ya kina cha kulimia hutokea tabaka gumu ambalo mzizi hauoni pa kupita. Chomeka fimbo ya chuma yenye unene wa nondo siku mbili baada ya mvua. Ikigoma ghafla kwenye sentimita 20 au 25, umelipata. Zamu ya trekta ifanywe udongo ukiwa umekauka kiasi, na mbaazi kwenye mzunguko wa mazao husaidia kulitoboa.

Na juu ya ardhi nako kuna gamba. Matone makubwa ya mvua hupiga udongo ulio wazi, hutenganisha chembe ndogo, nazo huzama kwenye matundu ya juu na kuyaziba. Jua likitoka, gamba la milimita mbili tatu hukauka. Ufuta ndio unaoumia, maana mbegu yake ni ndogo na haina nguvu ya kusukuma. Panda kina cha sentimita mbili hadi tatu, usizidishe, na mvua ikikatika kabla ya kuota, pitisha tawi la miti juu ya mistari ili kulivunja gamba. Kazi ya nusu saa kwa robo ekari, na huokoa kurudia kupanda.

Salfa na udongo usio na kinga

Mkulima wa korosho anapopuliza salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, sehemu kubwa huishia ardhini. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa asidi. Kwenye mfinyanzi, nyuso nyingi za chembe hupokea asidi hiyo kwa muda mrefu kabla udongo haujabadilika. Kichanga hakina kinga hiyo. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kwamba udongo chini ya mikorosho inayopulizwa salfa unazidi kuwa na asidi. Hatusemi uache salfa. Ubwiriunga unaweza kula mavuno yote. Tunasema usipulize kwa mazoea bila kukagua maua, na kama unachanganya mihogo au kunde chini ya mikorosho ya zamani, pima udongo kwanza. Chokaa ya kilimo inaweza kuhitajika.

Kwa sababu ileile, mbolea ya urea isiwekwe yote siku moja kwenye kichanga. Mvua moja kubwa inaisukuma chini ya mizizi, na pesa yako inakwenda kuilisha chemchemi ya bondeni. Igawe mara mbili au tatu, kidogo kidogo, karibu na mmea.

"Bwana shamba, si nimwage tu mfinyanzi?"

Swali hili huulizwa kila mkutano, na ni la akili. Kama kichanga kimepungukiwa chembe ndogo, kwa nini usizilete?

Sentimita 10 za juu za hekta moja zina mita za ujazo 1,000, yaani zaidi ya tani 1,400 za udongo. Kuongeza mfinyanzi kwa asilimia kumi tu unahitaji tani 140 na zaidi. Australia ya Kusini wakulima hufanya hivyo kweli: huchimba mfinyanzi ulio chini ya mchanga wao na kuusambaza kwa mashine, mara nyingi zaidi ya tani 100 kwa hekta, kwa ajili ya mchanga unaokataa maji. Wao wana mashine, na mfinyanzi wao uko shambani humohumo.

Kwa mkulima mwenye jembe la mkono, jibu ni shimo. Unapopanda mche wa mkorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, una miche 28 hivi kwa ekari. Mashimo 28 yanaweza kupata debe moja moja la udongo wa kichuguu uliovunjwavunjwa na kuchanganywa na samadi pamoja na udongo wa juu wa shimo lenyewe. Kichuguu ni mfinyanzi ambao mchwa wameupandisha bure. Mche utapata maji ya kuvukia kiangazi cha kwanza, ambacho ndicho huua wengi. Changanya vizuri, ukiacha mfinyanzi kama tabaka peke yake, maji yatasimama juu yake na mizizi itagoma kuvuka.

Kinyume chake hakifai. Kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi ili ulegee ni kazi ya hasara. Mchanga kidogo huzama kwenye mfinyanzi bila kufungua tundu hata moja, na mchanganyiko wake hukauka ukawa mgumu kuliko mwanzo. Kwenye mfinyanzi tumia samadi, mabaki ya mpunga na matuta.

Chini bondeni: mfinyanzi wenye chumvi

Ruvuma inapofurika hupanga chembe yenyewe. Maji yakiacha mkondo hupunguza kasi, mchanga ukadondoka kwanza kwenye kingo, silti ikafuata, na mfinyanzi ukasafiri hadi kwenye madimbwi ya nyuma, mbali na mto. Kwa hiyo mwenye shamba bondeni asishangae akikuta kichanga ukingoni na tope jeusi hatua mia mbili ndani. Mboga na migomba ikae ukingoni, mpunga ukae ndani. Mfinyanzi unaogoma kupitisha maji ni balaa kwa mahindi, lakini kwa mpunga ndiyo neema yenyewe.

Karibu na mlango wa mto, kuelekea Msimbati na mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, maji ya bahari huingia. Chumvi ya bahari ina sodiamu, na sodiamu hufanya chembe za mfinyanzi zisukumane badala ya kushikana. Maadamu chumvi yenyewe ni nyingi hutaona kitu. Mvua ikishaisuuza chumvi na kuiacha sodiamu, mabonge hufumuka, matundu yanazibwa, na udongo ukikauka unakuwa bamba. Jaribu kwa glasi ya maji ya mvua: dondosha bonge kavu la ukubwa wa kunde na usilitikise. Likivunjika tu, ni kawaida. Likizungukwa na wingu kama la maziwa ndani ya saa chache, sodiamu ipo.

Dawa yake ni jasi, ambayo huchimbwa Kilwa. Kalsiamu ya jasi huchukua nafasi ya sodiamu na chembe zikashikana tena. Lakini jasi bila mfereji wa kutolea maji ni kutupa pesa, maana sodiamu iliyofukuzwa lazima iwe na njia ya kuondoka shambani. Chimba mfereji kwanza. Na usifyeke mikoko ili kupata jaruba jipya. Mbali na sheria, mikoko ndiyo inayopunguza kasi ya maji ya bahari na kuyatua matope yake kabla hayajafika kwako.

Sampuli ya kupeleka maabara

Chukua Septemba au Oktoba, kabla ya mvua na kabla ya mbolea. Tembea shambani kwa mwendo wa kukata pembe, uchote sehemu kumi hadi kumi na tano, ukitenga ndoo ya udongo wa juu, sentimita 0 hadi 20, na ndoo ya udongo wa chini, sentimita 20 hadi 50. Epuka kichuguu, jivu la jiko la zamani, njia, na zizi. Changanya kila ndoo peke yake, anika kivulini, chukua nusu kilo, na uandike kwa penseli jina la kijiji, zao lililopita na kina. Afisa ugani wa kata atakuelekeza namna ya kuifikisha kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Naliendele, au TARI Mlingano kule Tanga ambako ndiko makao ya utafiti wa udongo kitaifa. Omba wakupimie mgawanyo wa chembe pamoja na asidi na mboji. Asidi na mboji utazipima tena baada ya miaka mitatu. Mgawanyo wa chembe ukishapimwa mara moja, karatasi yake itunze pamoja na hati ya shamba.